Maji ya mfongo yamehamia mjini: tulinyang'anywa, tulikubali wenyewe, au yalikuwa yanaisha tu?

#1 MjukuuWaMfongo
Wakuu habari. Naandika kutoka tambarare ya chini ya Kilimanjaro, upande wa Hai. Kijiji sikitaji wala mamlaka ya maji siitaji, uzi usije ukageuka kesi.

Babu yangu alikuwa na zamu kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia mashamba: Jumanne jioni hadi Jumatano saa nne asubuhi. Baba akairithi. Mwaka niliomaliza darasa la saba nilikuwa nalala shambani na tochi na jembe, nikisikiliza. Maji yakipungua sauti ujue kuna jirani huko juu amefungua kwake. Unatoka mbio, unamkuta amejifanya anachimba viazi. Saa nane za usiku.

Halafu chemchemi yetu ikajengewa, likalazwa bomba la kwenda mjini. Mkutano ulifanyika, wazee wakatia saini, tukaahidiwa magati mawili ya kuchotea maji. Moja linatoa maji. Mfongo uliokuwa unafika magotini sasa unalowesha vifundo, na ikifika Januari ni vumbi.

Ninachokiona: nyanya za kiangazi hakuna tena, vijana wameingia bodaboda, mashamba yamekatwa viwanja. Wanaonunua viwanja ni watu wa mjini, na wanavuta maji ya bomba lile lile. Mama yangu, ambaye mfongo ulipita nyuma ya jiko lake, ananunua ndoo.

Maswali mawili. Ile zamu ilikwenda wapi kisheria? Na kuna mahali popote duniani maji ya shamba yamepelekwa mjini, mkulima akabaki na chake?

#2 NgataYaNdizi
Nimeshika nafasi, kahawa na kashata viko mezani.

#3 SheriaNdogo
Mkuu, jibu halitakufurahisha. Kisheria zamu ya babu yako haikuwa mali yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema maji yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Wewe unapewa kibali cha kutumia. Kibali kinataja kiasi, kwa kawaida lita kwa sekunde, na kinataja matumizi. Kabla ya hapo kulikuwa na Sheria Na. 42 ya 1974, na watu bado wanayaita makaratasi ya enzi zile "haki ya maji".

Halafu kuna mpangilio wa nani anatangulia. Ya kwanza ni maji ya matumizi ya nyumbani, ya pili ni ya mto wenyewe ili viumbe wasife, shughuli za kiuchumi zinafuata. Umwagiliaji uko humo kwenye kundi la tatu. Maji yakipungua, wa mwisho kwenye foleni ndiye anayefungiwa.

Mfongo wenu ulikuwa na kibali? Jumuiya ya watumia maji mnayo?

#4 MjukuuWaMfongo
@SheriaNdogo karatasi ipo, iko kwa mwenyekiti wa mfongo kwenye sanduku la bati. Niliiona mara moja. Panya wamekula kona yenye tarehe.

#5 NgataYaNdizi
Panya nao ni wadau wa maji 😂

#6 MkaheAsilia
Mangi, pole, ila usisukume yote kwa mjini. Sisi watu wa Kahe tuko chini yenu, tunayaona mambo kwa nyuma. Maji yalianza kupungua kwetu kabla hata ya mabomba makubwa.

Chukua skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Ilikamilika 1987 kwa fedha za Japani, ikategemea mito Rau na Njoro. Mbegu ya mpunga ya IR54 ikaleta mavuno ambayo mzee wangu alisimulia kama hadithi. Kikafuata nini? Wakulima wa juu ya skimu, ambao hawakuwemo kwenye mpango, wakaona kumbe mpunga unalipa. Wakachimba majaruba yao, wakakinga maji kabla hayajafika kwenye banio. Skimu iliyojengwa kwa saruji ikabaki inasubiri makombo. Mjini hapakuwa na mkono hapo. Ni mkulima kwa mkulima.

#7 FundiBombaMstaafu
#6 amesema kweli, lakini ni nusu. Mimi nimefanya kazi ya mabomba miaka 27, mikoa mitatu, nipo nyumbani sasa na mbuzi wangu.

Mji unapokua, mhandisi anatafuta vitu vitatu: maji safi yasiyohitaji dawa nyingi, yaliyo juu ya mji ili yashuke yenyewe bila umeme, na ya uhakika mwaka mzima. Ukiviweka pamoja jibu ni moja tu, chemchemi ya mlimani. Na chemchemi ya mlimani tayari ina mfongo. Moshi inakunywa Nsere na Shiri kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna mtu aliyekaa ofisini kuwachukia wakulima. Ni gharama ya pampu.

Ninachoweza kulaumu ni chambo, pale maji yanapokingwa kuingia kwenye bomba, kujengwa bila kuacha mlango wa mfongo. Unaweka kizingiti chenye matundu mawili, la bomba na la mfongo, kila moja kwa kimo chake, kila mtu anaona kwa macho. Nimeomba hivyo mara mbili maishani. Mara moja nilisikilizwa.

#8 MtabiriWaMvua
Mnazunguka tu. Theluji inaisha! Barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Chemchemi mtazipata wapi?

#9 FundiBombaMstaafu
@MtabiriWaMvua takwimu ya barafu ni sahihi, hitimisho sivyo. Barafu ile ni ndogo mno kulisha chemchemi za chini. Maji yale ni mvua inayonyesha kwenye msitu, inazama, inatokea kilomita nyingi chini. Ukitaka kulia, lilia msitu na moto wa kule juu kwenye vichaka. Barafu ni ya watalii.

#10 MtabiriWaMvua
Sawa mzee, nimepokea. Lakini mvua nazo si zimebadilika?

#11 FundiBombaMstaafu
Hapo sikubishii.

#12 MamaGati
Naomba na mimi wa upande wa pili nisikike. Nipo mjini, nauza maji kwenye gati. Wiki ikiwa na mgao mabomba yanatoka siku tatu. Foleni inaanza saa kumi na moja alfajiri, watoto wa shule na ndoo kichwani, wamama wajawazito. Jumamosi moja maji yalikatika nikiwa na ndoo kama sitini zimepangwa, nikatukanwa na ukoo mzima wa mtu.

Huyo mtoto mdogo naye asinywe ili nyanya zistawi? Siwabezi wakulima, mimi mwenyewe ni wa kihamba, shamba la ukoo. Lakini watu wakisema "mjini" wanaona bustani za hoteli. Mjini ni mimi.

#13 MjukuuWaMfongo
Mama shikamoo. Sijasema mtoto asinywe. Nasema maji yalipoondoka kwangu yalikuwa na thamani, na thamani hiyo hakuna aliyeiandika popote.

#14 BwanaHesabu
Tupige hesabu badala ya kulia. Mpunga unahitaji kama lita 1 kwa sekunde kwa hekta, ukipiga kwa wastani wa skimu. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo hekta moja ni lita 86,400 kwa siku. Mtu wa mjini kwa lita 80 kwa siku: hekta moja ya mpunga ni sawa na watu 10,800.

#15 MwalimuWaZamu
@BwanaHesabu rudi darasani. 86,400 gawanya kwa 80 ni 1,080. Umezidisha mara kumi, ungeua kilimo cha nchi nzima kwa sifuri moja.

#16 BwanaHesabu
Dah, kweli. 1,080. Kidole kiliteleza. Ila hoja iko pale pale: hekta moja ya mpunga inanywesha mtaa. Ndiyo maana mji ukigombana na shamba, mji unashinda kwenye karatasi kila siku.

#17 MkaheAsilia
Hesabu yako ina tundu. Maji ya shambani hayaishi pale. Sehemu inazama, inatokea kwetu Kahe kama chemchemi au inarudi mtoni. Ukiyatia kwenye bomba, yanaogewa, yanaingia chooni, yanakwenda kwenye mabwawa ya majitaka. Wa chini hayamfikii. Ukitoa lita moja juu, hujamnyima mmoja tu.

#18 MwalimuWaZamu
Na hapo hapo kuna kichekesho: mabwawa ya majitaka ya Moshi yanapomwaga, kuna watu wanalimia mpunga maji yale. Kwa hiyo mjini wanayarudisha, ila yana historia.

#19 NgataYaNdizi
"Yana historia" 😂😂 Ndiyo maana wali wa shemeji ulikuwa mtamu vile.

#20 KinywaChaRangi
Arusha hapa. Sisi tumepata mradi mkubwa, shilingi bilioni 520, uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Visima virefu. Hatujachukua mfongo wa mtu, kwa hiyo msitutaje.

#21 MkaheAsilia
Kisima kirefu kinachota wapi, mbinguni? Maji ya ardhini na ya chemchemi ni ndugu. Tofauti ni kwamba ukichimba, mkulima hajui nani wa kumgombeza.

#22 NgataYaNdizi
Mwacheni mtu wa Arusha, kwanza akatafute maji yasiyo na floraidi inayotia meno rangi, hilo jina lake tumelielewa.

#23 KinywaChaRangi
Meno yangu ni alama ya uzalendo.

#24 PwaniMchanga
Hili ni kama lile la Dar 2022. Mto Ruvu ulishuka, jiji likaingia kwenye mgao, wakulima wa kandokando wakaambiwa wazime pampu zao. Na Ruvu si unatokea huko huko kwenu Kilimanjaro?

#25 MwalimuWaZamu
Hapana, ni mito miwili yenye jina moja. Ruvu wa Dar unatoka Uluguru, Morogoro. Ruvu wa kwetu unatoka Ziwa Jipe, unakutana na Kikuletwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, baada ya hapo unaitwa Pangani. Usimpandishe mto mlima.

Ila mfano wako ni mzuri kwa jambo moja. Kule hakuna aliyehamisha haki kwa mkutano wala saini. Ukame ulikuja, amri ikatoka. Kuhamisha maji kwa dharura ni rahisi kuliko kwa makubaliano, na mvua ikirudi kila mtu anasahau kuuliza mwenye mchicha alikula nini miezi ile.

#26 PwaniMchanga
Ahsante mwalimu.

#27 SheriaNdogo
Msisahau mkubwa mwingine kwenye bonde la Pangani: umeme. Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, New Pangani 68 tangu 1995. Miaka ya tisini wakulima wa juu ndio waliobebeshwa lawama za maji kutofika kwenye mitambo. Ofisi ya bonde ilianza 1991, ikaanza kuorodhesha mifongo na kutoza ada. Kwa hiyo MjukuuWaMfongo, kabla mji haujaja na bomba, mfongo wa babu yako ulikuwa umeshageuzwa kutoka mila kuwa mstari kwenye daftari. Aliyejiandikisha alipata namba. Ambaye hakujiandikisha alikuwa anaiba bila kujua.

#28 MzeeWaAberdare
Salamu kutoka Murang'a, Kenya. Sisi tunaijua hii ngoma. Nairobi inakunywa kutoka Ndakaini, bwawa lililoko kwetu, limekuwepo tangu 1994. Halafu likaja handaki la kilomita 11.8 chini ya ridge, linachukua maji ya Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka hapo bwawani. Likafunguliwa 2022. Tuliambiwa ni maji ya mafuriko pekee ndiyo yatachukuliwa. Mkulima wa chai na avocado anauliza: nani anasimama mtoni usiku kupima kama haya ni ya mafuriko ama ni ya kawaida?

#29 PwaniMchanga
Kumbe ndiyo maana wakulima wa mpunga Mwea wanalia maji?

#30 MzeeWaAberdare
La, ndugu yangu, Mwea ni mito Thiba na Nyamindi, inashuka kutoka Mlima Kenya. Handaki liko milima ya Aberdare. Na Mwea walijengewa bwawa la Thiba, pia 2022. Leo mito inakusumbua.

#31 NgataYaNdizi
PwaniMchanga abaki na bahari tu.

#32 DadaWaAurora
Habari za huko. Uzi huu umenigusa kwa sababu ninaishi upande wa waliochukua. Niko Aurora, jimbo la Colorado, Marekani. Waafrika Mashariki na Wakongomani tuko wengi hapa. Mwenye uzi aliuliza kuhusu mahali pengine, nitawaambia pa karibu na bomba langu.

Huku, tofauti na alivyosema SheriaNdogo, haki ya maji ni mali. Unaweza kuiuza bila kuuza shamba. Kusini mashariki mwa jimbo kuna kaunti inaitwa Crowley. Walikuwa na zaidi ya ekari 50,000 za umwagiliaji: matikiti, nyanya, miwa ile ya mizizi wanayotolea sukari. Miaka ya 1970 na 1980 wakulima waliuza hisa zao za mfereji kwa miji: Colorado Springs, Pueblo, na huu wangu. Zimebaki kama ekari 5,000. Nilipita kule na mume wangu tukienda kuona rafiki. Unaendesha gari, kushoto na kulia ni magugu makavu yanayobingirika na upepo, yamejazana kwenye uzio hadi uzio umelala. Kuna mji mdogo unaitwa Sugar City na hauna kiwanda cha sukari. Ajira kubwa iliyobaki ni magereza.

Na hawa walilipwa. Aliyeuza alilipa madeni yake. Ambaye hakulipwa ni mwenye duka la mbolea, mwenye gereji ya trekta, mwalimu ambaye shule yake ilipungukiwa watoto. Pia wale wachache waliokataa kuuza: mfereji ukibaki na maji kidogo hayafiki mwisho, yananywewa na udongo njiani.

#33 MjukuuWaMfongo
Dada, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo kijiji changu. Sisi wa mwisho wa mfongo tumekauka kwanza, ingawa wa juu bado wanapata kidogo.

#34 BwanaHesabu
@DadaWaAurora "miwa ya mizizi" ndiyo nini?

#35 DadaWaAurora
Kama kiazi, kinakamuliwa sukari. Jina la Kiswahili limenitoka, miaka mingi ugenini.

#36 MwalimuWaZamu
Viazisukari, dada. Rudi nyumbani.

#37 SheriaNdogo
Kwa hiyo wenye mali walilipwa na wakafa. Sisi hatuna mali, hatukulipwa, tunakufa. Sijui nichague lipi.

#38 DadaWaAurora
Kuna la katikati. California, wilaya ya umwagiliaji ya Palo Verde iliingia mkataba na mamlaka inayohudumia eneo la Los Angeles. Ulianza 2005, wa miaka 35. Wakulima hawauzi. Kila mwaka sehemu ya ardhi inapumzishwa, kwa zamu, maji yake yanakwenda mjini, mkulima analipwa kwa kile alichopumzisha, na kuna fungu la kijiji kwa ajili ya hao wa gereji. Wapo wanaoulalamikia, ila shamba halijageuka jangwa.

#39 MkaheAsilia
Kwa zamu! Ni mfongo huo huo, wamevaa suti tu.

#40 FundiBombaMstaafu
Kwetu ugumu ni ukubwa wa shamba. Mtu ana robo ekari. Ukimwambia apumzishe sehemu, anapumzisha chakula cha jioni.

Na kabla ya kupumzisha shamba la mtu, mji uzibe mabomba yake. EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, inataka maji yanayopotea yasizidi asilimia 20, na mamlaka nyingi zipo karibu na theluthi. Lita tatu zinatoka mlimani, moja inaishia chini ya barabara ya lami. Nimeona mtaro mmoja una mchicha mzuri kuliko wa shambani, kumbe bomba limepasuka miezi minane.

#41 MwalimuWaZamu
Mzee, na mfongo wa udongo unapoteza kiasi gani? Tuwe wa haki.

#42 FundiBombaMstaafu
Mengi, kuliko bomba. Wakati mwingine nusu au zaidi haifiki shambani. Ila #17 ameshajibu: hayo yanamfikia wa chini. Ya bomba lililopasuka mjini hayamfikii mtu, labda mbu.

#43 MpareWaNdiva
Nimechelewa. Sisi Same tuna ndiva, bwawa dogo la kukusanya maji usiku ili mchana yatoke na nguvu. Kusafisha ni msaragambo, kazi ya pamoja, usipokuja unalipa. Mwenye uzi, kabla ya kudai fidia ya maji, jaribuni kuyalaza. Hayo ya vifundoni yanatiririka usiku kucha bila kazi.

#44 NgataYaNdizi
Mpare kaja, bajeti imebanwa.

#45 MpareWaNdiva
Mchaga angeyalaza kwenye pipa la mbege.

#46 MjukuuWaMfongo
😂 Ushauri nimeuchukua, lakini eneo la lambo la zamani limeshauzwa kiwanja. Kuna nyumba ya bati la bluu juu yake.

#47 MamaGati
Mnaona? Mashamba yamegeuka nyumba na wanaokaa humo nao wanataka maji. Hata bomba lisingelazwa, maji yale yangeishia kunywewa na majirani zako wapya. Mji ndio umeyafuata maji.

#48 MjukuuWaMfongo
Mama, au mashamba yalikatwa viwanja KWA SABABU maji yaliondoka. Kipi kilitangulia?

#49 MamaGati
Wewe ndiye uko hapo, mwanangu. Uliza ni mwaka gani mtu wa kwanza aliuza.

#50 MjukuuWaMfongo
Baba mdogo ndiye aliyeuza wa kwanza. Nimempigia sasa hivi. Anasema ni mwaka mmoja kabla ya bomba, alikuwa anamsomesha binti yake.

#51 SheriaNdogo
Hmm.

#52 FundiBombaMstaafu
Kijana, fanya jambo moja. Nenda kesho asubuhi na ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Tafuta mahali maji yanapodondokea, kinga, hesabu sekunde. Halafu uombe ile karatasi ya mwenyekiti, usome lita ngapi. Tutajua tunabishania nini.

#53 MjukuuWaMfongo
Nimerudi. Nimepima mara tatu kwenye kibomba cha kalavati mwisho wa mfongo. Sekunde 9, 9, na 10 (hiyo ya tatu mbuzi alipita). Mwenyekiti amesafiri, sanduku limefungwa.

#54 BwanaHesabu
20 gawanya kwa 9 ni lita 2.2 kwa sekunde. Hekta mbili za mpunga, basi. Au watu 2,376 kwa lita 80. Mwalimu kagua.

#55 MwalimuWaZamu
Safari hii ni sahihi.

#56 MkaheAsilia
Amepima mwishoni. Huko ni mabaki ya mabaki. Apime kwenye chambo.

#57 MjukuuWaMfongo
Kwenye chambo kuna uzio na mlinzi.

#58 MpareWaNdiva
Na hii ni Mei, masika haijakatika. Pima tena Januari.

#59 MjukuuWaMfongo
Januari ndoo haitajaa, mkuu. Nitakaa pale na saa mpaka betri iishe.